Mawe Mawili ya Songambele

Siku yangu ya kwanza kazini nilipanda bodaboda kutoka Rubwera hadi Songambele, njia nzima nikijizoeza namna ya kumsalimu Paroko. Nilipomkuta, nikamwamkia shikamoo mara mbili.

"Marahaba. Ya pili naiweka ya kesho," alisema, kisha akanikabidhi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Makaburi, mwalimu mkuu mstaafu.

Nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya akiolojia. Parokia ilinipa mkataba nitambue kaburi la Katekista Laurenti, aliyefundisha dini hapa kabla padri wa kwanza hajafika. Kanisa halijamtangaza, lakini watu humwita mtakatifu. Kwenye makaburi ya Wakristo wa mwanzo palikuwa na mawe mawili yasiyo na majina: moja la Laurenti, lingine la Bernardo, kibarua kutoka Rwanda aliyebeba mawe ya kujengea kanisa. Lipi la nani, hakuna aliyejua. Kamati ilitaka mifupa ya mtakatifu ihamishiwe kanisani, na juu ya kaburi litakalobaki zijengwe ngazi za kupandia kanisani.

Bibi Adelina, kitukuu wa Bernardo, kila Siku ya Marehemu Wote hutandaza nyasi mbichi kwenye jiwe la kushoto, kama zinavyotandazwa sebuleni wakati wa Krismasi.

"Mjukuu wangu, labda miaka yote nimemtandazia mtu mwingine," aliniambia. "Na wewe ukikosea, babu yangu atakanyagwa na viatu vya maharusi."

Tangu hapo kila nilichopima nilikipima upya.

Hatukuruhusiwa kufukua mifupa. Tulikwangua udongo wa juu kwa mwiko mpaka ukingo wa shimo uonekane. Udongo uliowahi kuchimbwa huwa na madoa. Usioguswa huwa mwekundu mtupu. Nilitarajia mashimo mawili na wekundu katikati. Nikakwangua, nikanyunyiza maji, nikakwangua tena. Katikati palikuwa na madoa tu, wala hapakuwa na mstari wa shimo moja kukata lingine. Lilikuwa shimo moja, pana.

"Umekosea," alisema Mwenyekiti. "Mtakatifu ni mmoja."

"Na shimo ni moja, Mwalimu."

Bibi Adelina alichuchumaa ukingoni. Kwao ilisimuliwa kwamba Bernardo alimuuguza Laurenti mpaka ugonjwa ukampata na yeye. Kwamba walizikwa pamoja, hakuna aliyewahi kumwambia.

"Basi Mwalimu, muulize huyo mtakatifu wako kama yuko tayari kuhama amwache aliyemnywesha uji."

Mwenyekiti akamgeukia Paroko. Paroko alikuwa anacheka chinichini. "Ngazi zitapita upande wa pili," alisema. "Hawa tuwaache."

Mkataba umeisha, nami nimerudi nyumbani Bukoba kutafuta mwingine. Swali nililoajiriwa kulijibu sikulijibu, na bado najiuliza nani yuko kushoto. Ila asubuhi niliyoondoka, Bibi Adelina alikuja na mzigo wa nyasi. Alianzia jiwe la kushoto kama kawaida yake, akapita katikati bila kuacha nafasi, akamalizia la kulia.

"Leo," alisema, akijipangusa mikono, "sijabahatisha."