Nilivyotunga Theluji Huku Jasho Linanitoka

Enzi zetu, nyinyi mliosoma nami mnajua, hakukuwa na simu ya kumtungia mtu shairi. Nnalisema hili nikiwa na hasira, maana jana kwenye kundi la wazazi mama mmoja kaandika eti watoto wetu hawawezi kutunga, bora waachiwe simu iwatungie. Hawawezi? Nani kawajaribu?

Sisi tulikuwa tukitoka skuli tunacheza nage kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, viatu mkononi, midomo myekundu kwa ubuyu, mpaka mpira uingie kwa jirani na jirani agome kuurudisha. Kwetu, ukutani, palikuwa na kalenda kubwa kama sinia, kaituma shangazi yangu aliyeolewa Kanada. Kila mwezi picha ya nyanda za huko: ngano na mbingu, basi. Bibi akiitazama anaguna, "Nchi gani hii, mtu akichoka anakaa kivuli gani?" Mimi ilinimaliza kwa uzuri. Mama alikuwa akipika chapati za kuuza kila asubuhi, na sijapata kuiona ngano ikiwa bado imesimama shambani.

Nilikuwa darasa la sita mwalimu wetu wa Kiswahili, Bi Salma, alipotutaka tutunge shairi la mahali tunapopapenda. Litakaloshinda litaghaniwa siku ya wazazi. Wenzangu wakatunga ufukwe wa Kiwengwa, wakatunga msitu wa Jozani na kima wake. Mimi nikatunga ile picha ya mwezi wa nane:

Uwanda huu wa ngano, hauna hata mnazi,
Upepo kama mkono, wapapasa waziwazi.

Bi Salma akahesabu mizani kwa vidole, nane kwa nane. Akahesabu tena. Akavua miwani.

"Nani kakutungia?"

"Nimetunga mwenyewe, mwalimu."

"Kanada umekwenda lini wewe?"

Darasa zima kicheko. Akalikata jina langu kwenye orodha ya washindani kwa wino mwekundu, akasema halirudi mpaka aje mzazi.

Mama aliposikia alifuta unga mikononi, akanitazama machoni. "Ukiwa umeiba ntakupiga wewe. Ukiwa hukuiba, nshamjua wa kumpiga."

Asubuhi yake akaja skuli, kalenda kwapani. Bi Salma akaipokea, akaifungua mwezi wa kwanza: theluji tupu. "Haya. Ubeti mmoja, hapa hapa, mbele ya mama yako."

Ilikuwa kaskazi, bati la ofisi linawaka, jasho linadondokea karatasi. Barafu niliyoijua mimi ni ya kwenye friji la jirani. Nikautazama ule weupe, sipati kitu. Nikautazama tena, nikamkumbuka babu siku tuliyomzika. Hapo kalamu ikaenda:

Shamba limevaa sanda, lenyewe bado lahema,
Mbegu chini yajilinda, yaingoja siku njema.

Bi Salma alisoma kwa sauti. Alipofika kwenye sanda akasita. Akamaliza, akachukua kalamu, akaliandika upya jina langu kwa mkono wake.

"Nisamehe, Bi Asha," akamwambia mama.

"Mwombe yeye. Aliyeitwa mwizi si mimi."

Na aliniomba! Mwalimu mzima, mbele ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Siku ya wazazi nikaghani uwanja umejaa, na mama akapiga kigelegele kabla sijamaliza hata ubeti wa kwanza, ikabidi nianze upya. Nilianza upya kwa raha zangu.

Bi Salma alikuwa mkali, wiki nzima sikutaka kumwona. Lakini alilisoma shairi langu silabi kwa silabi, na aliponishuku alinipa kalamu. Leo mtoto akitunga, tunambonyezea dole gumba hata mstari wa pili hatujafika. Watoto wenyewe nao wanapiga picha kila wanachokila, ukiwauliza kilikuwa na ladha gani wanasema "fresh tu". Nnazitamani siku zile, tulipokuwa tukitazama kitu kimoja mpaka kituchoshe, halafu tunaendelea kukitazama.

Kwa hiyo mama wa kwenye kundi, sikiliza. Jana ile ile nimewapokonya wanangu simu, nimewapa karatasi, nimewaambia watunge chochote wanachokiona dirishani. Mkubwa ananuna mpaka leo. Mdogo kashafika ubeti wa tatu, na kaniambia nisimsumbue.