Bolti Niliyoikaza kwa Kiburi

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, nilipoharibu injini kwa sababu sikutaka kuambiwa neno na mtu aliyejua kuliko mimi. Nakusimulia wewe kwa kuwa nimesikia jinsi unavyowajibu watu siku hizi. Usinikunjie uso. Kaa nimalize.

Wakati huo chai ilikuwa bado ngeni huku Kericho. Vilima vingi vilikuwa msitu, na barabara zilikuwa matope matupu. Mimi nilikuwa ndio kwanza nimetoka jandoni, nimesifiwa na shangazi zangu mpaka kichwa kikavimba. Nikapata kazi kwenye gereji ya shamba moja la chai. Usidhani ilikuwa gereji kama za leo. Ilikuwa mabati machache, lori moja, na fundi mmoja.

Fundi huyo alikuwa Ochieng', mtu wa upande wa ziwa, wa umri wa baba yangu. Alijifunza kazi ya chuma Kisumu, na alikuwa mpole, akiimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini huku akifanya kazi. Lakini kwao hawatahiri, na sisi Wakipsigis tulilelewa tukijua kwamba mwanamume aliyetoka jandoni haagizwi na asiyetahiriwa, hata awe na mvi. Kwetu huyo alihesabiwa mtoto. Basi Ochieng' akiniambia fanya hivi, mimi nilisikia mtoto ananituma.

Asubuhi hiyo aliniachia kazi ya kukaza bolti za manifoldi, kile chuma kilicho ubavuni mwa injini, kinachokusanya moshi na kuupeleka kwenye bomba la ekzosi. Alinionya nitumie spana fupi na nizikaze kidogo kidogo, kwa zamu, kisha akaenda kiwandani. Alipopotea tu, nikachukua spana ndefu, nikachomeka kipande cha bomba kwenye mpini wake ili nipate nguvu zaidi, nikavuta kama navuta fahali. Bolti ikalia, kisha ikalegea ghafla mkononi mwangu. Nilipoichomoa, meno ya ndani ya tundu yalitoka nayo yakiwa vipande vipande.

Kuuliza si ujinga, lakini mimi niliona ni aibu. Nikachanganya udongo na majivu, kama mama zetu wanavyokandika nyumba, nikaziba tundu, nikaisukuma bolti ndani, nikafuta mikono. Ilipendeza, nakwambia. Hata mimi nilikaribia kuamini imekaza.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lori lilipakia magunia ya majani mabichi ya chai, likaanza kupanda kilima, na katikati ya mlima udongo wangu ukapasuka. Moto ukaruka kutoka ubavuni, ukaunguza waya, na dereva akashuka akikohoa moshi. Sasa ujue, majani ya chai yakibanana kwenye magunia hupata joto na kuwa mekundu, na hapo hayafai tena. Kazi ya wachumaji wote wa asubuhi ilikuwa juu ya lori lile.

Tuliitwa mimi na Ochieng', tukakimbilia pale mlimani, na meneja naye akaja kwa pikipiki, uso umemuiva. Hakuuliza mengi. Alimwambia Ochieng' kwamba chai isipofika kiwandani kabla ya saa sita, akusanye blanketi lake arudi kwao. Mkewe Ochieng' alikuwa amejifungua wiki ile ile. Mimi nililijua hilo, na nilikuwa nimesimama pale pale, na sikusema kitu. Mwanangu, nimeona aibu nyingi katika maisha yangu, lakini ile ya kunyamaza siku hiyo bado inaniuma.

Ochieng' alikwangua tundu kwa ukucha, akautazama ule udongo, kisha akanitazama mimi. Akamjibu meneja kwamba fundi ni yeye na atatengeneza. Meneja alipoondoka, akaniita kwa jina langu la jandoni, lile la heshima.

"Arap Langat," akasema, "mimi najua kwenu mimi ni mtoto. Hiyo hainisumbui. Lakini hii chuma haiulizi nani alitahiriwa. Inauliza tu kama mkono yako inasikia."

Tulingoja injini ipoe, tukaifungua manifoldi, naye akalitoboa tundu upya kwa drili ya kuzungusha kwa mkono, likawa pana kidogo. Nikatumwa mbio gerejini kuchomoa bolti nene kutoka kwenye mabaki ya lori la zamani. Niliporudi alikuwa ameshika tapu, kile chuma cha kukata meno mapya ndani ya tundu. Ya saizi ile ilikuwa moja tu. Ikikatikia ndani, lori halitaenda popote siku hiyo, naye atakuwa amepoteza kazi. Akanipa mimi.

Nilirudi nyuma. Akasema mkono ulioharibu ndio utakaotengeneza, kisha akasimama kando.

Nikageuza. Tapu ikauma chuma, ikasonga, halafu ikagoma. Nguvu zote zilinijia mabegani, zikiniambia vuta. Nikaogopa. Nikageuka nikasema, "Fundi, sasa nifanye nini?" Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita fundi.

"Rudi kidogo," akasema. "Nusu mbele, robo nyuma. Ukirudi, ule unga wa chuma unavunjika, unakupa njia. Kurudi si kushindwa."

Basi nikaenda hivyo, mbele na nyuma, jasho likichanganyika na mvua, mpaka tapu ikafika mwisho ikiwa nzima. Tukalipanua na tundu la manifoldi, tukaifunga bolti mpya kwa spana fupi. Injini iliponguruma bila kutema moto, dereva alicheka peke yake. Chai ilifika kiwandani ikiwa bado ya kijani.

Hapo kiwandani ndipo nilipopata mdomo. Nilimwambia meneja kwamba aliyeharibu ni mimi, na aliyeficha ni mimi. Alitaka kunifukuza papo hapo. Ochieng' ndiye aliyenitetea.

"Bwana, huyu sasa amejua," alisema. "Ukileta mwingine, ataharibu tundu ingine ndio ajue."

Nikabaki. Nilimsimulia baba yangu nikidhani atanihurumia. Badala yake aliagiza nimlete Ochieng' nyumbani Jumapili. Alipofika, baba alimpa kigoda kati ya wazee, akatoa kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mkaa, akammiminia yeye kwanza. Wazee wakafuata, kisha watoto wadogo, na mimi mwisho kabisa. Wazee wengine walitazamana. Baba akasema mbele yao wote, "Aliyekufundisha kazi ni baba yako. Na baba hapimwi kwa kisu." Nilikunywa mashapo yale huku machozi yakinitoka, na sikuona haya kulia mbele ya wanaume.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Mtu akijua kuliko wewe, muulize, awe wa kabila lolote, hata kama kwenu mnamcheka. Ukiharibu, sema mapema, kabla mwingine hajabeba mzigo wako. Na jambo likigoma, usiongeze nguvu kwanza. Rudi kidogo uliangalie. Mimi niliyashika hayo, nikawa fundi miaka mingi, na sijawahi kulala njaa.

Mungu akuongezee siku. Ng'ombe wako wazae, mlango wako usikose wageni. Na siku utakapokosea, maana utakosea, upate mtu wa kukuonyesha njia, nawe uwe na macho ya kumtambua.