Wimbo wa Saa Nne na Robo

Mzee Jovin alikuwa mtunza muziki wa redio yetu, na kama hujawahi kumwona mtu anayeota ndoto huku macho yake yako wazi, ungekuja kumwona yeye. Redio yenyewe ilikuwa ndogo, ikiitwa Sauti ya Kwaraa, vyumba vinne juu ya kilima kando ya barabara ya Dodoma. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Maofisa walishuka Babati kila wiki na masanduku yao wakitafuta nyumba za kupanga, na sisi wa mjini tukajiona watu wa makao makuu. Mimi Sabrina, binti wa muuza khanga wa sokoni, nilitangaza kipindi cha taarabu saa kumi jioni. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu na mdomo usiotulia.

Chumba cha Mzee Jovin kilikuwa cha mwisho. Kanda zilijaa kutoka sakafuni hadi darini, na hewa ya humo ilinukia vumbi lenye joto na karatasi ya zamani. Ukiingia kutafuta wimbo mmoja, unajikuta umeketi juu ya debe, chai imepoa mkononi, na yeye anakusikilizisha dansi la zamani huku amefumba macho. "Sasa hivi kule kijijini Bonga wanapalilia," angesema. "Jembe linakwenda na hiyo gitaa. Sikia." Nami nilisikia kweli. Niliona mpaka udongo mwekundu na ukungu unaopanda Mlima Kwaraa, ingawa chumba hakikuwa na dirisha.

Ukutani alibandika duara kubwa alilolichora kwa kuzungushia sinia. Duara hilo ndilo lilikuwa siku yetu nzima. Alikuwa amelikata vipande na kuvipaka rangi: bluu ya kwaya alfajiri, nyekundu ya muziki wa vijana kuanzia saa tatu, kipande chembamba cheusi saa sita, kisha kijani cha dansi la zamani, na njano ya taarabu yangu. Hicho cheusi kilikuwa cha matangazo ya vifo. Yakishasomwa, ulipigwa wimbo mmoja wa maombolezo, mmoja tu, halafu dansi likaanza taratibu ili watu wapate kumeza chakula.

"Hiyo ndiyo fomati," alinifundisha siku yangu ya kwanza. "Ziko redio zenye fomati ya aina moja, wanapiga dini tu au vijana tu kutwa nzima. Ziko zinazorudia nyimbo mpya thelathini mpaka msikilizaji anaziimba usingizini. Ziko za maneno matupu. Na iko hii yetu, ya mchanganyiko. Hii ndiyo ngumu, binti yangu, kwa sababu kila muziki lazima ukae mahali pake. Msikilizaji hatazami saa. Anakusikiliza wewe."

Nilimcheka. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyekaa sana na vumbi.

Mke wake aliitwa Scholastica. Alikuwa mwimbishaji wa kwaya ya kigango cha Nangara, mwanamke mnene mwenye sauti nyembamba ajabu, sauti iliyoanza chini kama mtu anayekuita kwa siri kisha ikapanda bila kuonyesha kwamba inapanda. Wanakwaya walikuja siku moja kurekodi pale kwetu kwa kipaza sauti kimoja, nyimbo tatu za maombolezo mfululizo bila kusimama, kwa kuwa mpiga kinanda alikuwa na haraka ya kwenda Katesh. Ile ndiyo kanda pekee yenye sauti yake. Ilipigwa saa sita, kwenye kile kipande cheusi, na Scholastica akiwa sokoni alisimama kujisikiliza na kikapu mkononi, akicheka kwa aibu. Nilimwona kwa macho yangu.

Alifariki mwezi wa tano, kwa homa ya siku nne. Palikuwa na gari linaloondoka kwenda Kagera jioni ileile, ndugu wakamsafirisha akazikwe kwao. Majirani wa Nangara walipofika asubuhi na mikeka yao, walikuta mlango una kufuli. Mzee Jovin alirudi baada ya wiki mbili, akaingia moja kwa moja chumbani kwake kupangusa kanda. Mimi nilimpa pole nikiwa nimesimama mlangoni, nusu mwili ndani, nusu nje, kwa sababu kipindi changu kilikuwa kinaanza. Ninaona aibu mpaka leo.

Tangu hapo, kila alipoupiga ule wimbo wa saa sita, alifunga mlango wa chumba chake. Ulipokwisha, alifungua.

Mwaka uliofuata akaja bosi mpya, Aniceti, kijana nadhifu kutoka Arusha, na kompyuta mbili ndani ya maboksi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu. Alilitazama duara la Mzee Jovin kwa muda, akalibandua kwa adabu, akalikunja.

"Mzee Jovin, huu si muziki, huu ni mchuzi," alisema. "Redio moja, fomati moja. Muziki wa vijana asubuhi mpaka jioni. Kwaya Jumapili, zile za kuchangamka. Taarabu Ijumaa nusu saa."

"Nusu saa?" nikauliza.

"Nusu saa, dada Sabrina."

Nilitoka nje nikapiga teke ndoo ya wafagizi. Ilibiringika mpaka barabarani.

Matangazo ya vifo aliyaacha, maana hakuna redio inayoweza kuyaondoa ikabaki na msikilizaji, lakini chini ya sauti ya msomaji aliweka kinanda cha kompyuta, na baada yake wimbo wa vijana papo hapo. Kisha akatoa agizo la mwisho: kila wimbo unaofaa uingizwe kwenye kompyuta, na kanda zote zitolewe chumbani kabla ya mwezi kwisha. Kompyuta ilikuwa na mafungu manne tu: Mpya, Zinazojulikana, Zamani na Polepole. Wimbo usio na fungu, mashine inaukataa.

Mzee Jovin aliingiza nyimbo siku kumi na mbili. Ile kanda ya Nangara aliiweka pembeni ya meza kila asubuhi na kuirudisha kwenye mfuko wa shati kila jioni.

"Si uiache nyumbani?" nilimwambia. "Uisikilize mwenyewe, raha yako."

"Nyumbani niko mimi tu," alisema. "Yeye alikuwa anapenda akisikika sokoni. Ikiondolewa hewani, Sabrina, basi ndiyo amekwenda kweli."



Siku ya kumi na tatu, akiwa peke yake, aliiingiza, nyimbo zote tatu kama wimbo mmoja. Sijui aliota nini alipokuwa akibonyeza. Alichoniambia baadaye ni kwamba lile neno Polepole lilimvutia. Akafikiri fungu hilo litapigwa jioni, watu wakiwa wamekaa na jua limelala juu ya Ziwa Babati na viboko wameanza kutoa pumzi zao majini. Hakujua kwamba Aniceti ameiamuru mashine ichote wimbo mmoja wa Polepole kila saa inapofika na robo.

Jumatano, saa nne na robo asubuhi, nilikuwa dukani kwa baba nakunja khanga. Mudy, mtangazaji wa asubuhi, alikuwa ameiachia mashine kazi na kwenda kunywa chai na chapati. Wimbo wa vijana ulikuwa unadunda katika kila redio ya soko. Ukaisha. Halafu sauti ya Scholastica ikaanza, chini kabisa.

Nimejaribu mara nyingi kueleza kilichofuata, na kila mara ninajiona kama ninasimulia ndoto. Soko lilinyamaza kuanzia upande wa nyanya kuja upande wa nguo. Muuza nyama alivua kofia. Utingo wa basi la Singida aliacha kuita abiria, mdomo ukabaki wazi. Hakuna aliyesema neno, kwa kuwa kila mtu mzima wa nchi hii anajua maana yake: redio ikiacha ghafla muziki wake wa kila siku na kuanza maombolezo, amekufa mkubwa wa nchi. Sauti ilipanda. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza, na hapo hata waliokuwa na shaka wakaamini. Baba akavuta mlango mmoja wa duka. Niliona bendera ya shule ya msingi ng'ambo ya barabara inashuka polepole, ikasimama nusu mlingoti, na watoto wamepanga mstari chini yake bila kuambiwa.

Dakika kumi na moja. Jua lilikuwa kali, na mji mzima umesimama ndani ya sauti ya mwanamke mmoja.

Pale dukani, mimi peke yangu niliijua ile sauti. Nikatupa khanga, nikakimbia.

Nilipofika kilimani, watu walikuwa wameshanitangulia, wengine wanazidi kupanda. Hawakupiga kelele. Wanawake walikuwa wamejifunga khanga viunoni na kuketi chini uani, kama ilivyo desturi, wakisubiri kuambiwa ni nani. Aniceti alifika kwa pikipiki ya kukodi, tai imemkaa begani. Alikuwa kwenye mkutano wa mkoa.

"Nani kafa?" alinishika mkono. "Tumesimama dakika nzima kule! Na mimi nimesimama!"

"Hakuna aliyekufa, bosi. Ni fungu la Polepole."

Ndani, Mudy alikuwa amerudi mbio, tonge la chapati bado liko shavuni. Mzee Jovin alisimama mbele ya mashine, mikono imening'inia. Simu ililia, ikakatika, ikalia tena.

"Nenda hewani, Mzee Jovin," Aniceti alisema kwa sauti ya chini, na nilijua amekasirika sana. "Waambie ni hitilafu ya mtambo. Basi."

Miaka tisa alikuwa redioni na hakuwahi kuongea hewani. Aliketi, akakivuta kipaza sauti kama mtu anayevuta kiti cha mgonjwa.

"Ndugu wasikilizaji," alisema. "Hakuna kiongozi aliyefariki. Rudini kazini. Si mtambo uliokosea, ni mimi Jovin, mtunza muziki. Sauti mliyoisikia ni ya mke wangu, Scholastica, wa kwaya ya Nangara. Alifariki mwaka jana mwezi wa tano. Tulimsafirisha jioni ileile, wengi hamkupata habari. Nisameheni kwa kuwashtua."

Alizima kipaza sauti. Mudy akaweka wimbo wa vijana, na kwa mara ya kwanza ukanisikikia kama kelele.

Aniceti alikuwa anautazama ukuta, pale palipokuwa na lile duara. "Mzee," alisema hatimaye, "tunaweza kuutafutia fungu lake."

"Ulikuwa na fungu lake, bosi. Saa sita. Ulilibandua."

Mzee Jovin aliinama kwenye mashine, akautafuta wimbo kwa kidole kimoja, na kabla sijaelewa anafanya nini, akaufuta.

"Mzee Jovin!" nilipiga kelele. "Si ndio ulikuwa unautaka?"

"Ukikaa humu utawaua watu kwa hofu kila siku," alisema. "Hapa si mahali pake." Alitoa kitambaa, akakiangalia, akakirudisha mfukoni bila kukitumia. Nililia mimi kwa niaba yake, kwa hasira na kwa huruma, sikujali bosi ananiona.

Tukasubiri watu waondoke. Nilichungulia mlangoni. Redio ya teksi iliyokuwa uani ilikuwa imewaeleza kila kitu. Walishajua hakuna mkubwa aliyekufa. Lakini hakuna aliyenyanyuka. Kinyume chake, wanaume waliokuwa wamesimama walikuwa wanatafuta mawe ya kukalia, na mama mmoja alikuwa anatandika mkeka aliokuja nao kutoka gengeni. Alikuwa Mama Paskasi, muuza mboga, jirani wa Nangara.

"Mama, hamkusikia?" nilimwuliza. "Hakuna msiba."

"Tumesikia, Sabrina," alisema. "Msiba upo. Tulikwenda mwaka jana tukakuta kufuli. Mwite mfiwa atoke."

Nilirudi ndani, nikamshika mkono kumtoa. Aniceti alituona, akaelewa, akaanza kutoa viti vya ofisini kimoja kimoja kuwapelekea wazee. Mzee Jovin alisimama kizingitini. Waliokuwa uani walipata kama hamsini, wengi wao hakuwajua hata kwa majina, na wote walikuwa wanamsubiri. Mama Paskasi akasogea, akampisha katikati ya mkeka, mahali anapokaa mfiwa. Mzee Jovin akavua viatu, akakaa, na wa kwanza akainuka kumpa pole.