Matoleo Yote ya Mashine ya Mjomba

Bendi yetu ilimfukuza mpiga ngoma ikaajiri mashine ya kusaga unga.

Usicheke kwanza. Ngoja nimalize, ndipo ucheke vizuri.

Tulikuwa tunapiga roki ya viwandani. Kama huijui, chukua gitaa, likwaruze mpaka jirani agonge ukuta, kisha mrekodi na jirani. Kiongozi wetu tulimwita Msumari.

Siku moja Msumari alinifuata kwa mjomba, kaka wa marehemu mama yangu, mwenye mashine ya kusaga. Beringi ilikuwa imelika na mashine inagonga: ko, ko-ko, ko.

Msumari akafumba macho.

"Hakuna binadamu anayeweza kupiga hivi," akasema.

Mpiga ngoma, mtu pekee aliyekuwa akiwahi mazoezini, akapewa kwaheri siku hiyohiyo.

Tukarekodi kwenye stoo ya magunia, maikrofoni tumeipitisha dirishani kuelekea chumba cha mashine. Mimi niliimba. Tangu tumzike mama nilikuwa sijaimba hata bafuni, lakini ndani ya kelele zile niliweza. Bila ule mlio nisingethubutu.

Wimbo ulikuwa mmoja, singo kama wanamuziki wanavyoita. Matoleo sasa, usiombe! Msumari alisema singo ya maana haitembei peke yake. Kukawa na toleo fupi, toleo refu, na toleo la gizani, ambalo lilikuwa lile refu tumezima taa.

Ndipo mjomba akaniita.

"Mwanangu, beringi hii ikipasuka tutalala njaa. Kesho fundi anakuja."

"Mjomba, tafadhali. Mlio ukiisha, na mimi nimeisha."

"Na mashine ikifa, watu nitawasagia kwa gitaa?"

 Nikaweka mkono juu ya mashine, sikuuondoa. Akanitazama, akajipangusa unga usoni.

"Haya. Endeleeni."

Kesho yake mlio ulikuwepo, tena mtamu zaidi. Msumari akatangaza kwamba chuma kimekomaa.

Likaja toleo bila sauti, yaani bila mimi. Eti maneno yangu yanaizuia mashine kujieleza. Nilikaa juu ya gunia nikichomoa nyuzi zake. Siku hiyo mashine iligonga hovyo, mara inaruka, mara inachelewa. Msumari akasema huo ni uasi wa chuma, akalitoa hivyohivyo. Alilisikiliza yeye na dada yake, na dada yake alilazimishwa.

Toleo la mwisho nikarudishwa. Nikiwa katikati ya kiitikio, umeme ukakatika. Gitaa likazimika, mashine ikanyamaza, mimi nikakata sauti. Kikabaki kinasa sauti tu, maana kinatumia betri.

Ko, ko-ko, ko.

Tukatazamana.

Ko, ko-ko, ko.

"Mashine ina jini," Msumari akanong'ona, akarudi nyuma mpaka akakalia pumba.

Nikazunguka ukuta. Mjomba alikuwa ameketi juu ya debe, spana mkononi, anagonga bomba chakavu.

"Mbona umenyamaza?" akaniuliza.

"Umeme umekatika, mjomba."

"Kwani wewe unaimba kwa umeme?"

Kumbe beringi mpya ilifungwa siku ileile fundi alipokuja. Akina mama waliokuwa wakisubiri unga nje walijua wote. Mmoja alikuwa hata anamkosoa: "Jana ulikimbiakimbia, baba."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Dada yangu alikuwa akiimba kila akipepeta. Alipoondoka, nyumba ikanyamaza na wewe ukanyamaza. Umekuja kufunguka mdomo kwa ajili ya beringi mbovu. Ulitaka nifanyeje?"

Nililia, sifichi. Nililia palepale kwenye vumbi la unga, mpaka uso ukawa uji.

"Na lile toleo bila sauti?"

"Lile," mjomba akasema, "niliharibu makusudi."

Toleo la mwisho ndilo pekee watu wanalolipiga. Mashine inakufa, ko-ko linaendelea, halafu kwa mbali anasikika mzee akiuliza kama naimba kwa umeme. Msumari anawaambia watu alipanga yote tangu mwanzo.

Mpiga ngoma tumemrudisha. Mjomba anasema anajitahidi.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Basi kabla hujaisifu mashine, zunguka nyuma ya ukuta uone nani ameshika spana.