Kitambaa cha Mama Directeur

Mwanangu, siku ile naikumbuka kwa harufu yake: plastiki iliyopata joto kali, asubuhi ya kiangazi, katika ofisi ya shule za mji, nyuma ya stesheni ya Kamina. Treni ya Lubumbashi ilitazamiwa saa kumi alasiri. Ilikuwa ibebe orodha ya wanafunzi wa mwaka wa sita watakaofanya mtihani wa serikali. Jina ambalo lingekosa treni hiyo lingekosa mtihani, na mwenye jina angekaa nyumbani mwaka mzima. Nilikuwa nimekwisha kuandika shule zote isipokuwa moja, na katika hiyo moja alikuwemo mdogo wangu, Ngoie.

Nchi yetu bado iliitwa Zaire, na ofisini mwanamume aliitwa Citoyen, mwananchi, na mwanamke kama mimi Citoyenne. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na diploma mpya na hofu nyingi. Usicheke. Nilikuwa mtu wa kurudi mara tatu kuangalia kama nimefunga mlango, kisha njiani najiuliza kama kule kurudi kumenifanya nisahau dirisha. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa kompyuta pekee ya ofisi.

Adui niliyemjua mimi alikuwa vumbi. Unalijua vumbi letu jekundu, linaingia hata ndani ya chumvi. Na hapa kwetu kitu cha thamani hakiachwi wazi. Redio ina kitambaa chake, televisheni ina chake, hata cherehani huvalishwa. Basi mke wa mkubwa wetu, Mama Directeur kama tulivyomwita, aliifumia kompyuta nguo kwa mkono wake: nyuzi nene za kijani, pindo za njano, kioo tu kimeachwa kama uso wa mtu. Nilishukuru sana. Na kwa kuwa sikuweza kuacha jambo likae, niliongeza karatasi ya nailoni chini yake. Sikuivua hata mashine ilipokuwa ikifanya kazi. Nilijiambia kwamba vumbi halingoji mtu amalize kazi.

Asubuhi hiyo mashine ilizima baada ya nusu saa. Nikaiwasha, ikazima tena, na ukurasa niliokuwa nauandika ukapotea. Mara ya tatu ilidumu dakika chache tu. Nilichukua daftari nikaandika sababu zote zilizonijia: umeme wa mji, disketi mbaya, kosa langu la Jumatatu, wivu wa watu, dhambi. Sababu zilipofika kumi na nne nikachukua bisibisi. Nilivuta kitambaa pembeni, nikaanza kufungua skrubu za nyuma.

"Weye! Mukono chini!"

Alikuwa Papa Banza, sentineli wetu. Kabla ya kulinda lango letu alikuwa fundi wa umeme wa treni, na vidole vyake viwili havikukunjika tena kwa ajili ya kazi hiyo. Alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Waya iko mu ukuta, weye uko unafungua tumbo ya mashini," alisema. "Ile diploma ulisomeaka wapi, ku makaburi?"

"Papa, nilikuwa nimeizima."

"Kuzima hapana kutoa. Toa waya."

Nikaitoa. Sasa niliiona sababu ya kumi na tano ya kuogopa, nayo ilikuwa kifo changu mwenyewe. Papa Banza aliweka mgongo wa mkono wake juu ya sanduku, akauondoa upesi. Akainua pindo la njano kwa kidole kimoja, akaiona nailoni chini yake. Akacheka mpaka chai ikamwagika.

"Mutoto yangu, weye unalalaka na blanketi mu pua?"

"Ni kwa ajili ya vumbi, Papa."

"Vumbi itaiua kesho kutwa. Hii nguo inaiua leo. Treni nazo zilikuwa na matundu ya kutokea moto. Muntu akiziba tundu, hatufiki hata Bukama. Angalia hapa nyuma, ka-ventilateur kako kanalia, na weye umekafunga mudomo."

Aibu niliyoipata, mwanangu, bado ina joto. Adui niliyemwogopa usiku na mchana hakuwa amefanya lolote. Muuaji alikuwa uangalifu wangu mwenyewe.

Tulivua nguo yote. Tukaiacha mashine ipoe, na Papa Banza akanizuia kuigusa mpaka alipomaliza kikombe cha pili. Kisha nikamalizia zile skrubu, nikashika chuma cha sanduku kwanza ili umeme wa mwilini usiiunguze mashine, kama nilivyofundishwa chuoni na nikasahau, nikafagia vumbi la ndani kwa brashi ya rangi ambayo haijatumika. Nilishikilia feni, ile ventilateur ya Papa Banza, isizunguke. Kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme hatukukifungua. "Ile inawekaka moto hata ukitoa waya," alisema, maana umeme hubaki humo, akaniinulia vile vidole viwili.

Ilikuwa saa nne tulipoiwasha. Ikakaa. Nusu saa ikapita, ikakaa. Nilikuwa naandika shule ya Ngoie, na kila ukurasa naunakili kwenye disketi, ndipo mlango ulipofunguka. Directeur aliingia na abacost yake mpya, ile suti isiyo na tai, na nyuma yake wageni wawili kutoka Lubumbashi waliokuja kuona ordinateur, yaani kompyuta yetu.

Alisimama ghafla.

"Citoyenne, kwa nini ordinateur iko uchi?"

"Iko inapumua, Citoyen Directeur."

Mgeni mmoja akakohoa kuficha kicheko. Directeur hakucheka.

"Mama alifanya miezi mbili juu ya ile kitambaa. Rudisha."

"Nikirudisha, itazima, Citoyen Directeur. Asubuhi imezima mara tatu."

"Ilizima juu ya courant, ile umeme mubaya ya mji. Rudisha, wageni wapige picha. Ama unatamani nikutume ukafundishe kule mbali, Kabondo-Dianda?"

Unajua nilivyokuwa. Kichwa changu kilikimbia mpaka Kabondo-Dianda na kurudi, kikaona barabara mbovu, mama yangu akilia, mshahara ukipotea. Lakini juu ya kioo kulikuwa na jina la mdogo wangu, limeandikwa nusu. Nilikunja kile kitambaa vizuri, pindo juu ya pindo, nikakiweka kwenye kiti changu. Nikakikalia.

"Nitumeni Kabondo-Dianda kesho," nilisema. "Leo naandika majina ya watoto."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikujiuliza kama nimekosea. Niligeukia kioo nikamaliza jina la Ngoie. Nje ya dirisha, alikokuwa amerudi kulinda, nilimsikia Papa Banza akisema, kama anayezungumza na kikombe chake: "Njo hivyo." Yaani, ndivyo hasa.

Wageni walipiga picha ya mashine iliyo uchi. Printa ilianza kukereza saa sita, na saa tisa Papa Banza alibeba bahasha mpaka stesheni kwa baiskeli. Ngoie alifanya mtihani mwaka ule.

Juma lililofuata nilipata barua ya lawama, yenye mhuri, kwa kosa la kumkosea heshima mkuu wa kazi. Kabondo-Dianda sikupelekwa, maana hakuna mwingine aliyejua kuiwasha. Mama Directeur hakunisalimu kanisani kwa muda mrefu, na hilo liliniuma, kwa kuwa alifuma kwa moyo. Barua ninayo bado. Niliirudisha ndani ya bahasha yake, na sijawahi kuijibu.

Basi, mwanangu, wewe uliyerithi hofu yangu, nisikilize. Kabla hujafungua mashine, toa waya kwenye ukuta, hata kama umeizima, hata kama una haraka, hasa kama una haraka. Iache ipoe. Usizibe mahali inapopumulia. Ifunike ikilala, ivue ikiamka. Nakili kazi yako ungali unaiona. Na ukiisha kujua kwa mkono wako kwamba jambo ni hivi, mkubwa akikuamuru ufanye vile kwa ajili ya uzuri wa picha, kataa. Kataa kwa adabu, lakini kaa juu ya kitambaa. Hofu haitaondoka. Mimi bado narudi kuangalia mlango. Mtu anaweza kurudi mlangoni mara tatu na bado akafanya lililo sawa.

Mungu akupe vidole vyote kumi mpaka uzeeni. Akupe Papa Banza wako mlangoni, wa kukufokea kabla umeme haujakufokea. Na pumzi yako, mwanangu, asiwepo wa kuifunika, hata kwa nyuzi nzuri.