Kuni za Msiba Usiokuwepo

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Anyait humwaga wimbi kwenye uteo, huupakata na kuanza kuchambua mawe. Wimbi hilo alikwisha kulichambua jana. Halina jiwe. Hata hivyo hupitisha kidole polepole, na kila afikapo ukingoni hushusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mtungi.

"Mama Eriaku, hayo mawe unayafuga?" Brigid, jirani yake, humtania kutoka ng'ambo ya ua.

"Njoo nikupe mbegu," hujibu.

Anyait huuza uji Malaba, kando ya barabara ambako malori hupanga foleni kuingia Uganda. Mwanawe wa pekee, Eriaku, huendesha trela hadi Juba. Zamani, kijana akiwa njiani, mama hakuwa na amani. Kifua kilimbana, chakula hakikupita. Alipiga simu asubuhi, akapiga adhuhuri, akapiga kijana akiwa kwenye kona mbaya. Asipopokelewa, aliwashika madereva waliotoka huko. Umepitia mpakani Nimule? Umeona trela ya kijani? Dereva wake alikuwa anakula?

"Mama, leo unauza uji ama uko na kesi?" Barasa, dereva mmoja mcheshi, alimwuliza. "Mimi nimekuja kunywa, si kutoa ushahidi."

Wenzake walicheka, lakini mmoja mmoja wakahamia kibanda kingine.

Kisha siku moja aliiona ile trela ya kijani ikirudi, na mkwaruzo wake mlangoni, lakini aliyeshika usukani alikuwa mtu mwingine. Hakusimama. Anyait aliuacha uji ukifurika, akakimbia nyumbani, akashika kichwa na kupiga ukemi, ule ukelele wa msiba.

Pale kwao ukemi wa mama si wake peke yake. Anayeusikia huacha jembe na kuja, na wanawake huja na kuni vichwani, maana penye msiba patapikwa. Hakuna asimamaye langoni kuuliza kama ni kweli. Kufikia adhuhuri kuni zilikuwa zimefika dirishani, viti vya kanisa vimepangwa, na mzee mmoja alikuwa tayari anaulizia kaburi litachimbwa upande gani. Ndipo simu ikalia.

"Mama, mbona watu wananipigia kuuliza kama niko hai? Nilibadilishiwa gari tu. Nani amekufa?"

Mzee wa kaburi ndiye aliyecheka kwanza. Eriaku hakucheka.

"Kuanzia leo sikuambii ninaposafiri," alisema. "Sitaki kuzikwa kila mwezi."

Akashika neno lake, na hapo mambo yakaharibika zaidi. Zamani Anyait aliogopa siku za safari. Sasa kila siku ingeweza kuwa ya safari. Na zile kuni zilibaki dirishani zikimtazama, kwa kuwa hakuna mwanamke aliyetaka kurudisha jikoni kwake kuni zilizopelekwa matangani.

Akaenda zahanati akiamini moyo ni mgonjwa. Nesi alimpima, akamwambia moyo ni mzima. Kinachombana ni hofu. Atembee asubuhi, apunguze chai kali, atoe pumzi polepole kuliko anavyoivuta, na ikimzidi asikae nayo peke yake. Akiona wiki zinapita bila usingizi, arudi. Anyait alitoka na shaka. Kukaa kitini akivuta pumzi kulimfanya ajione mjinga. Akiwa na uteo mapajani, pumzi ilishuka yenyewe. Matembezi aliyafanya na Brigid, hadi karibu na mto. Kwaya akairudia, kwa sababu huwezi kuimba sauti ya pili na wakati huo huo kuhesabu madaraja ya njia ya Juba. Chai kali ilimshinda kuacha.

Eriaku alipokuja nyumbani alimkuta akipasua zile kuni.

"Niambie unapoondoka," mama alisema bila kuinua kichwa. "Njiani sitakupigia. Ukifika, nipigie wewe."

"Na nikichelewa?"

"Nitangoja."

"Basi naondoka Jumatatu."

Siku aliyotarajiwa kufika ilipita kimya. Kulipokucha Anyait alichukua uteo, lakini safari hii punje zilimchezea machoni na ukemi ukampanda kooni. Mkono ukaenda kwenye simu. Akaiacha mezani, akabeba uteo wake hadi kwa Brigid.

"Brigid, nimeshikwa."

"Kaa. Lete tutafute hayo mawe yasiyokuwepo."

Brendah, binti wa Brigid, aliyemaliza chuo na ambaye huongea kwa nadra, alisogeza kigoda akaanza kuchambua pia. Walichambua, wakala viazi vitamu, wakalichambua tena wimbi lile lile. Jua lilikuwa limepinda Anyait alipoifuata simu yake, na wenzake wakamfuata. Haikukawia kulia.

"Mama, mtandao ulipotea njiani. Nimefika. Alhamisi naanza kurudi, usikie kwangu mwenyewe."

"Nimesikia. Umekula?"

"Nimekula."

Akakata, akachukua kipande cha mwisho cha zile kuni, akakisukuma jikoni chini ya sufuria ya uji. Brendah alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama Eriaku," aliuliza, "hofu imeisha?"

"Haijaisha," Anyait alisema. "Akisafiri naogopa. Ila siku hizi naweza kungoja."