Kiti Nyuma ya Ukuta

Hospitalini walimwita Mama Zege, maana kazi yake ilikuwa kuta. Kabla mashine ya tiba ya mionzi haijafungwa, alikijenga chumba kizima ndani ya kompyuta: zege, mlango wa bamba la madini ya risasi, ujia wenye kona. Kisha aliachilia mionzi ya kuigiza, chembe mamilioni kwa mamilioni, na kompyuta ikaifuata kila chembe mpaka ilipofia. Zilizopenya ndizo zilizomwambia ukuta uongezwe unene kiasi gani.

Dada yake mkubwa alikuwa mpokezi wa wagonjwa hapo hapo. Kiti chake kiliegemea ukuta wa chumba cha zamani, kilichojengwa kabla Mama Zege hajaajiriwa. Dada alipofariki kwa saratani ya damu, mama yao hakulia. Alisema tu, "Ule ukuta umemla mwanangu."

Maneno yale yalimganda Mama Zege. Siku moja, akipita mapokezi, alijikuta anakiamkia kiti kitupu: "Shikamoo, dada." Wagonjwa wakatazamana.

Akaamua kukijenga kile chumba cha zamani kwenye kompyuta. Nyuma ya ukuta akaweka umbo la mtu aliyeketi: kimo cha dada, uzito wa dada. Ulipofika wakati wa kuachilia mionzi, kidole kikagoma.

"Mama Zege, leo unamchoma nani?" fundi wa mashine akamtania.

Hakucheka. Akabonyeza.

Majibu yalipotoka kwenye skrini, wekundu wa mionzi ulijaa chumbani, ukafifia ndani ya zege. Kwenye kiti palikuwa peusi tii, hakuna chembe iliyofika. Akaenda na kipimo halisi cha mionzi, akakiweka pale kitini mashine ikiwaka. Jibu lile lile.

"Mama, ukuta hauna kosa," alimwambia nyumbani. "Mionzi haikumfikia dada."

Mama aliuliza, "Basi nani?"

"Sijui, mama."

"Ungenidanganya tu, mwanangu. Angalau nilikuwa na pa kupeleka hasira zangu."

Kesho yake mama alitaka apelekwe hospitalini. Akaketi kwenye kile kiti, mkoba mapajani, mgongo ukutani. Wagonjwa walidhani ni mhudumu. Kila aliyeuliza pa kuandikishwa, alimwonyesha dirisha. Jioni Mama Zege akaja kumchukua.

"Ngoja kwanza," mama akanong'ona. "Kuna mtu hajatoka."

Taa ya onyo juu ya mlango wa mashine ilikuwa imezimwa, na chumba kimeshafungwa, kitupu. Mama Zege akavuta kiti kingine, akaketi kando yake.